NJIA NI MOJA: GARI LIPI LITANGULIE?

Ndugu Wafanya Kazi,

Siku hizi katika karakana na maofisi mengi kumeingia desturi mpya. Ubao mkubwa hutundikwa ukutani, na juu yake hubandikwa vikaratasi vya rangi. Kila kikaratasi ni kazi moja. Upande wa kushoto ni kazi zinazongoja, katikati ni kazi zinazofanywa, na upande wa kulia ni kazi zilizokwisha. Asubuhi watu husimama mbele ya ubao kwa dakika 15, na kila mtu husema alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomzuia. Mabwana wakubwa huiita njia hii ajaili, yaani kufanya kazi kwa wepesi na kugeuka upesi mambo yakigeuka. Msilisome neno hilo vibaya mkadhani ni ajali, ingawa mahali pengine, kwa jinsi lilivyoletwa, tofauti si kubwa.

Wako wenzetu wanaoicheka njia hii, na wako wanaoichukia. Sisi twasema hivi: tusicheke wala tusichukie kabla ya kujua. Ndani ya jambo hili la vikaratasi mna swali kubwa kuliko vikaratasi vyenyewe. Kazi ipi itangulie, kazi ipi ingoje, na ni nani mwenye kuamua? Hakuna mtu wa reli awezaye kusema kwamba swali hilo halimhusu.

ILIKOTOKA

Wengi hufikiri kwamba njia hii ilizaliwa na vijana wa kompyuta. Sivyo. Mizizi yake imo katika viwanda, kwa watu wenye mafuta mikononi kama sisi. Mwaka 1950 kampuni ya magari ya Toyota kule Japani ilikuwa karibu kufilisika. Wafanya kazi zaidi ya elfu moja walipoteza kazi zao, kukawa na mgomo mkali, na mkuu wa kampuni, Bwana Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Katika miaka hiyo na iliyofuata, fundi mmoja mkuu aitwaye Taiichi Ohno aliendelea kutengeneza namna ya kupanga kazi kwa kadi, ambazo Wajapani huziita kanban. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: usitengeneze kitu mpaka mwenzako wa mbele amekuletea kadi ya kukiomba. Hivyo vitu havikurundikana sakafuni.

Pamoja na kadi palikuwa na kamba. Mfanya kazi yeyote akiona kosa, huvuta kamba, taa ikawaka, na msimamizi akaja mbio. Kosa lisipotengenezwa kwa wakati, mstari mzima wa kiwanda husimama. Fikirini jambo hilo, ndugu. Mtu wa chini kabisa alikuwa na uwezo wa kusimamisha kiwanda, bila kuomba ruhusa, na bila kuandikiwa barua ya onyo.

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika juu ya makampuni yaliyotengeneza vitu vipya upesi. Walifananisha kazi yao na mchezo wa raga, ambapo kundi lote husonga mbele pamoja na mpira hupita mkono kwa mkono. Mwaka 1995 Wamarekani wawili, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walieleza hadharani utaratibu wao walioupa jina la skramu, ambalo nalo ni neno la raga. Kisha mwezi wa Februari 2001 watu 17 wa kazi ya programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakaandika tangazo lao. Ndipo jina la ajaili likaenea duniani.

NAMNA INAVYOKWENDA

Kwa maneno machache utaratibu ni huu. Kazi zote huandikwa katika orodha moja. Mtu mmoja, naye ni mmoja tu, ndiye mwenye orodha, na yeye ndiye husema ipi ni ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya tatu. Kisha wale wanaofanya kazi huchukua kutoka juu ya orodha kiasi wanachoona wao wenyewe kwamba kitakwisha katika kipindi kifupi, mara nyingi wiki mbili, na kisizidi mwezi mmoja. Kipindi kikiisha, kilichokwisha huonyeshwa kwa wenye kukitumia, hao husema kimefaa au hakikufaa, na orodha hupangwa upya.

Angalieni mizani iliyomo. Bwana mwenye orodha ana haki ya kusema kipi kitangulie, lakini hana haki ya kusema kiasi gani kitafanywa. Kiasi husemwa na mikono itakayofanya. Haki hizi mbili zikikaa kwa mtu mmoja, basi hiyo si ajaili tena. Hiyo ni nyapara wa zamani aliyenunua vikaratasi.

HESABU YA NJIA MOJA

Sisi wa reli twaweza kuyaelewa haya kuliko watu wengi. Njia ya zamani kutoka Mombasa hata Nairobi, na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, zote mbili ni njia za reli moja yenye mahali pa kupishana. Kila mmoja wetu ajua kwamba katika kipande cha njia kati ya stesheni na stesheni, magari mawili yanayokabiliana hayawezi kuingia pamoja. Stesheni masta hawezi kusema, "Haya yote ni ya haraka, yaingie yote." Akisema hivyo, watu watakufa. Ni lazima achague moja, na lile jingine lingoje penye kupishana.

Lakini ofisini na karakanani watu husahau kwamba njia ni moja. Fundi mmoja hupewa kazi sita, na zote sita zimeandikwa "haraka". Huanza hii, akaitwa kwa ile, akarudi kwa hii, na jioni hakuna iliyokwisha. Mshika mbili moja humponyoka. Sasa mshika sita atabaki na nini?

Jambo hili lina hesabu yake. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kwamba idadi ya vitu vilivyo ndani ya kazi ni sawa na vinavyomalizika kila siku mara siku ambazo kila kimoja hukaa ndani. Tuchukue karakana inayomaliza mabehewa 2 kila siku. Yakiwamo mabehewa 10, kila behewa hukaa siku 5. Msimamizi akiingiza mengine ili aonekane ana kazi nyingi, yakafika 30, basi kila behewa litakaa siku 15. Hakuna behewa hata moja lililoongezeka mwisho wa siku, bado ni mawili. Kilichoongezeka ni kungoja, kelele, na lawama juu ya fundi. Bwana akisema, "Mbona siku hizi mmekuwa wavivu?" mwonyesheni hesabu hii.

MASWALI MATATU YA KUPANGA

Sasa kazi hupangwaje? Mara nyingi hupangwa kwa sauti: apigaye kelele zaidi ndiye hutangulia. Au hupangwa kwa cheo: mkubwa alitaja jambo njiani, nalo likawa la kwanza. Sisi twasema kuna maswali matatu yaliyo bora kuliko kelele na cheo.

Swali la kwanza: kila siku ya kungoja yatugharimu nini? Swali la pili: kazi yenyewe itachukua siku ngapi? Swali la tatu: ni kazi gani nyingine zinazoingoja hii imalizike?

Tutoe mfano. Fundi ni mmoja, na mabehewa ni mawili. La kwanza lahitaji siku 1, na kila siku likikaa bure hasara ni shilingi 3,000. La pili lahitaji siku 5, na hasara yake kila siku ni shilingi 5,000. Watu wengi wataanza na la pili, kwa sababu hasara yake ya siku ni kubwa. Haya, tuhesabu. Tukianza na la pili, lenyewe litakula siku 5, ndizo shilingi 25,000. Na lile la kwanza litatoka siku ya 6, ndizo shilingi 18,000. Jumla ni 43,000. Tukianza na la kwanza, litatoka siku ya 1 kwa shilingi 3,000, na la pili litatoka siku ya 6 kwa shilingi 30,000. Jumla ni 33,000. Shilingi 10,000 zimeokolewa, na hakuna mtu aliyeongezewa jasho hata tone.

Lakini kuna jambo lisilowekwa katika mizani hiyo, nalo ni uhai wa mtu. Mnamo Januari 1993 gari la abiria lililokuwa likienda Mombasa lilianguka mtoni huko Ngai Ndethya, baada ya daraja kuchukuliwa na mafuriko, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Hatuandiki hapa kumhukumu mtu yeyote. Twakumbusha tu kwamba mto hausomi orodha ya mtu. Breki, madaraja, ishara na mataruma yaliyooza hayashindani na rangi ya ofisi. Hayo huwekwa juu kwanza, ndipo hesabu ya shilingi ianze.

LAZIMA ISIWE KILA KITU

Mwaka 1994 Mwingereza mmoja, Dai Clegg, alifundisha kugawa kazi katika mafungu manne: zile za lazima, zile zinazopasa, zile zinazoweza kufanywa nafasi ikipatikana, na zile ambazo safari hii hazitafanywa. Waliofuata njia hiyo waliweka mpaka kwamba za lazima zisile zaidi ya asilimia 60 ya nguvu yote, kwa sababu siku zote kuna jambo lisilotazamiwa.

Sisi twalipenda fungu la nne kuliko yote, kwa kuwa lina ukweli. Kiongozi asemaye "tutafanya yote" hajaamua neno lolote. Ameuacha uamuzi ujiamue wenyewe gizani, na lawama itamwangukia mtu wa chini. Kuamua ni kusema wazi hili litangoja, na sababu ni hii. Mtu akiambiwa ukweli aweza kukasirika leo, lakini kesho atakuamini.

Tena si kila uamuzi una uzito mmoja. Ukigeuza njia kwenye makutano, waweza kuigeuza tena. Lakini reli iliyokatwa haiungiki ikawa kama ilivyokuwa. Mambo yanayogeuzika yaamuliwe upesi, na wale walio karibu na kazi, bila kungoja mikutano mitatu. Mambo yasiyogeuzika, kama kujenga daraja au kufukuza watu, yaamuliwe polepole, kwa kuuliza wengi. Kwa sababu hiyo hatusemi kwamba ajaili ni dawa ya kila ugonjwa. Huwezi kujenga nusu ya daraja ukawapitisha abiria ili wakuambie kama limefaa. Lakini hata katika daraja kuna mchoro, kuna vipimo, kuna mpango wa zamu, na hayo yaweza kujaribiwa kidogo kidogo.

MFANO WA MAREKANI

Asiyeamini na atazame idara ya upelelezi ya Marekani, FBI. Walitaka kuacha makaratasi na kuweka kesi zao katika kompyuta. Walipanga kila kitu tangu mwanzo kwa mpango mmoja mkubwa, na mwaka 2005 wakaitupa kazi yote, hali imekwisha kula karibu dola milioni 170. Mwaka 2006 walianza tena kwa jina la Sentinel, kwa mpango wa sehemu nne. Kufika mwaka 2010 sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwenda, na ni sehemu mbili tu zilizokuwa zimetolewa. Hapo wakaichukua kazi mikononi mwao wenyewe, wakapunguza idadi ya watu, wakaikata kazi katika vipindi vya wiki mbili mbili, na kila kipindi wakawaonyesha watumiaji kilichokwisha. Mwezi wa Julai 2012 mtambo ulianza kutumika.

Je, watu wa mwaka 2010 walikuwa na akili kuliko wale wa 2005? Hatudhani. Tofauti ni kwamba kosa lililofichika miaka mitatu katika mpango mkubwa, katika mpango mfupi huonekana kwa wiki mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni lazima kwanza uuone ufa.

UBAO USIO NA KAMBA

Sasa tuje kwenye shida yetu. Mabwana wengi wameleta ubao, lakini kamba wameiacha Japani. Twajua karakana moja ambapo vikaratasi vipya huongezwa katikati ya kipindi, na hakuna kinachoondolewa. Dakika 15 za asubuhi zimekuwa dakika 40 za kukaripiwa mbele ya wenzako. Vikaratasi alivyomaliza kila mtu huhesabiwa, na mwenye vichache huitwa ofisini, hata kama chake kilikuwa kigumu kuliko vya wenzake vyote. Watu wakajifunza haraka: wakachagua vilivyo vyepesi na kukimbia vilivyo vizito. Breki iliyo na taabu hubaki upande wa kushoto, na ubao waonekana mzuri sana.

Hiyo siyo njia waliyoiandika wale watu 17 mwaka 2001. Katika kanuni zao 12 imo moja isemayo kwamba mwendo wa kazi uwe ule ambao watu wanaweza kuudumisha siku zote bila kuvunjika. Bwana anayeleta ubao asome na kanuni hiyo.

Tena hapa Kenya kamba hiyo imekwisha kuandikwa katika sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa aionayo, na mwenye mahali pa kazi asimlazimishe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi. Basi hatuombi hisani. Twaomba kilicho chetu kitundikwe karibu na ubao.

Kwa hivyo twaitaka kamati ya chama ipeleke mambo haya matano mezani, kila mahali ambapo njia hii inaletwa:

1. Mwenye orodha awe mtu mmoja, ajulikane, ili tusitumwe na watu wanne kwa siku moja.

2. Kiasi cha kazi ya kipindi kisemwe na wale watakaoifanya.

3. Kipindi kikianza, anayeongeza kazi aondoe nyingine iliyo sawa nayo, na aandike jina lake.

4. Mfanya kazi aliyesimamisha kazi kwa sababu ya hatari asiadhibiwe, wala asiandikwe vibaya.

5. Hesabu za ubao zitumike kutengeneza kazi tu. Zisitumike kulinganisha mtu na mtu, wala kutafuta wa kupunguzwa.

NA SISI WENYEWE JE?

Haitafaa kuwafundisha mabwana kupanga kazi, hali chama chetu kinakwenda mezani na orodha ndefu isiyo na kichwa wala mguu. Mwenye kampuni huipenda sana orodha ndefu. Huchagua yale madogo, akatupa sabuni na kikombe cha chai, kisha akasema gazetini kwamba amekubali madai saba kati ya kumi. Yale matatu yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa na maisha yetu ndani yake.

Basi tuyapime madai yetu kwa maswali yale yale. Kwanza, usalama wa watu wa njiani na karakanani: viatu, glavu, taa, breki. Hili ni la uhai, halingoji. Pili, vibarua. Kila mwezi wa kungoja, mtu huyo akiugua au akifukuzwa hana pa kushika. Na kazi yenyewe ni fupi, maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 tayari yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi, na haki zake zifuate. Hapa hatuna haja ya kutunga neno jipya, twadai lililopo litimizwe. Tatu, posho ya nyumba. Ni jambo kubwa, nalo laumiza kila mwezi, lakini lahitaji mazungumzo marefu na hesabu nyingi, kwa hivyo lifuate hayo mawili, na matayarisho yake yaanze sasa.

Mengine yote, hata yaliyo mazuri, yaingie fungu la nne: safari hii hayafanywi. Na viongozi wetu wayataje wazi mbele ya wanachama, wasiyafiche. Wako watakaonung'unika. Wale wa posho ya nyumba watasema vibarua wametangulizwa mbele yao. Twawaambia kwa heshima, ndugu zetu, kwamba kibarua asiye na haki ndiye ufito ambao bwana hutumia kuwachapa ninyi wenye ajira. Ukimwinua yeye, umejilinda mwenyewe.

Katika mkutano ujao wa tawi kila mwanachama na aje na jambo moja, wala si kumi, na awe tayari kusema kila siku ya kungoja yatugharimu nini. Tukiyapanga hivyo, kamati yetu itaingia mezani ikijua gari la kwanza ni lipi, na bwana hatapata nafasi ya kutuchagulia.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana.